Muulize Mama Mwalimu: Wananiita mheshimiwa na bado nashika chaki

Mama Mwalimu salamu sana. Mimi ni mwalimu wa JSS, sekondari ya chini, hapa Embakasi, na TSC, tume inayoajiri walimu, nimekuwa nao miaka kumi na moja sasa. Wazazi wananisukuma kila siku ati mwalimu si usimame ubunge 2027, hata boda wa pale steji wakiniona wanapiga honi wanasema mheshimiwa huyo. Niko na grupu ya WhatsApp ya watu 240 na kijana mmoja ashanichorea bango, picha yangu na suti na maneno "Mwalimu Bungeni". Sasa nasikia lazima niache kazi kwanza. Niache lini, na nikianguka TSC watanirudisha? Na niende na chama ama nisimame kivyangu? Bibi yangu ameninunia tangu nimguzie hii maneno, yeye ana kibanda cha nguo Gikomba na anasema siasa haitalipa karo ya watoto wetu watatu.
— Mheshimiwa Mtarajiwa

Mwalimu, kwanza hilo bango lifiche. Lifiche leo kabla hujamaliza kusoma hii, na hiyo grupu uache kuandika mambo ya kampeni, kwa sababu saa hii wewe bado ni mtumishi wa umma na Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakataza mtumishi wa umma kuonyesha hadharani anaunga mkono ama anapinga chama au mgombea, na mgombea mwenyewe akiwa ni wewe ndio mbaya zaidi. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 nayo ilikuwa inaimba wimbo huo huo mpaka ikafutwa 2025. Mtu mmoja kwa hao 240 akipiga skrinishoti akaipeleka kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti utaanza kuandika barua za kujieleza badala ya manifesto.

Tarehe sasa. Katiba kifungu cha 99 kinasema mtumishi wa umma hafai kuchaguliwa mbunge, na Sheria ya Uchaguzi kifungu cha 43 inasema anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo ni Agosti 10, 2027. Rudi nyuma miezi sita unaangukia Februari 10. Mwaka wa 2022 kura ilikuwa Agosti 9 na watu walikuwa wanakimbia na barua Februari 9 kama wanafunzi waliochelewa geti, usiwe huyo. Soma barua yako ya ajira uone notisi inasemaje, andika Januari, peleka mwenyewe na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe isomeke vizuri, halafu usiikunje kunje mfukoni. Siku utaenda kwa IEBC, tume ya uchaguzi, kupeleka makaratasi mpinzani wako atakuwa anaitafuta hiyo tarehe kuliko wewe mwenyewe.

Na kabla uniulize, ndio, mbunge aliye kwa kiti haachi kazi. Hiyo sheria inamruhusu, yeye na gavana na MCA wa bunge la kaunti, anafanya kampeni huku mshahara wake wa zaidi ya laki saba ukiingia kila mwezi, na wewe mwalimu wa darasa la Gredi 8 ndio unaambiwa utoke kwanza. Mimi naona si haki na nimesema hivyo miaka mingi, lakini ukienda mtihani na hasira ya swali unafeli tu.

Kurudishwa? Hapana. Hakuna mahali imeandikwa ukianguka kiti chako kinakungoja stafurumu. Ukijiuzulu tu jina lako halifutwi kwa rejista ya walimu, unaweza kufundisha shule ya kibinafsi, ama ungoje TSC watangaze nafasi uombe upya kama wengine, na wewe unajua foleni ya walimu wanaongoja hizo nafasi venye iko. Kuna vijana wamefundisha JSS kwa kandarasi ya elfu ishirini kabla ya makato wakingoja hizo nafasi unazotaka kuachilia.

Halafu kuna kitu watu hawaangalii. Mchujo wa vyama haungoji Agosti. 2022 ulikuwa Aprili. Maana yake unaacha kazi Februari, unatumia akiba yako yote miezi miwili, halafu Aprili jioni moja unaambiwa tiketi imepewa mwingine na kwisha, hata hujawahi kuonekana kwa karatasi ya kura, na kazi huna. Hapo ndipo watu wengi huruka kuwa wagombea huru, lakini hapo pia kuna mtego, Katiba inataka mgombea huru awe si mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla ya uchaguzi, yaani kufikia Mei 10. Pia lazima aungwe mkono na wapiga kura 1,000 walioandikishwa kwa hilo eneobunge, sio 1,000 wanaokupenda. Na nenda ukaangalie jina lako kwa msajili wa vyama hata kama hujawahi kujiunga na chama maishani. 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikwa kwa vyama ambavyo hawajawahi kuona hata ofisi yake.

Pesa ya IEBC yenyewe si kubwa, ubunge ni shilingi 20,000, na kama ni mwanamke, kijana ama mtu mwenye ulemavu ni 10,000. Vyama ndivyo vinaitisha laki kadhaa za fomu peke yake. Lakini hata hiyo si kitu ukiweka kando ya maajenti. Kituo kimoja cha kura hakizidi wapiga kura 700, sasa eneobunge kama lenu tuseme vituo ni mia mbili, unataka mtu wako kila kituo, umlipe tuseme elfu moja na chakula, na akae macho mpaka saa nane usiku asikubali kununuliwa na soda. Hiyo ni laki mbili kwa siku moja tu. Usipoweka ajenti kura zako zitahesabiwa na watu wasiokujua.

Wacha nikuambie ya mwenzangu, nayajua kwa sababu nilikuwepo. Tulifundisha pamoja shule moja ya Eastlands, hesabu darasa la sita, mwalimu mzuri sana, watoto walikuwa wanamkimbilia geti wabebe mkoba wake. 2017 akaacha kazi Februari akasimama kama mgombea huru. Mimi mwaka huo IEBC walinichukua kusimamia kituo na kituo chenyewe kikaangukia darasa lake, lile lile, bado chati yake ya mara mbili mara tatu iko ukutani na kona moja imebanduka. Tukafunga kura saa kumi na moja, tukahesabu za rais kwanza, za ubunge tumefika usiku wa manane. Mimi nainua karatasi moja moja juu maajenti waone, naita jina, inawekwa kwa rundo lake. Rundo lake yeye nilikuwa naweza kulifunika na kiganja. Ishirini na tatu. Hakuwa na ajenti kwa hicho chumba, alidhani darasa lake mwenyewe halihitaji. Saa saba hivi akaingia, mgombea anaruhusiwa, akakaa kwa dawati la mtoto magoti yamefika kifuani, akasoma fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge, polepole kama anasahihisha. Hakusema kitu. Akaenda ukutani akabonyeza ile kona ya chati na kidole, ikabanduka tena, akabonyeza tena. Halafu akatoka.

Wale watu wake walikuwa wapi? Mwalimu, wengi walikuwa ushago. Hapo ndio Nairobi inawadanganya walimu. Mzazi anakupenda kweli, mtoto wake umemtoa mbali, lakini kadi yake ya kura iko Siaya ama Kitui ama Kisii, Agosti anapanda basi anaenda kumpigia mtu wa kwao. Mwingine alikuwa amepanga hapo Embakasi 2022, saa hii amehamia Ruiru. Watu watakutajia kijana John Paul Mwirigi, 2017 alikuwa mwanafunzi wa ualimu chuo kikuu, miaka 23, akashinda Igembe South bila chama na bila mapesa. Ni ukweli kabisa. Lakini hiyo ni Meru, mtu anajulikana kwa nyumba ya babake na shamba linapakana na la nani. Hapa watu wanaishi ploti moja miaka minne hawajui jina la jirani, na siku ya kura wengi wanafuata rangi ya chama kutoka juu mpaka chini. Kwa hivyo swali lako la chama ama kivyako, mimi kwa Nairobi nasema chama, lakini chama ambacho umekaa nacho chini ukajua mchujo wao utafanywaje na nani anahesabu, sio chama kwa sababu kinavuma.

Kwa hivyo wiki hii fanya hivi. Wale 240 waulize mmoja mmoja pembeni, sio kwa grupu, kura yako iko wapi. Nairobi, au nyumbani? Na kama ni Nairobi, ni eneobunge gani, maana Nairobi iko na maeneobunge 17 na Embakasi peke yake ni matano, Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi, mtu anaweza kuvuka barabara ya lami akawa si wako. Ukibaki na themanini uniandikie tena.

Mama watoto usimwite adui wa maendeleo. Gikomba imemfundisha hesabu kuliko siasa. Kaa naye Jumapili jioni utoe slipu ya mshahara, makato yote myaone pamoja, mkopo umebaki miezi mingapi, ile pensheni mpya iliyoanza Januari 2021 ambayo unakatwa asilimia 7.5 na serikali inaweka 15 iko wapi na ukitoka unapata nini na lini. Andikeni mtakula nini Februari mpaka Agosti bila mshahara, na baada ya Agosti ukianguka. Akikubali na hizo namba mbele yake basi una ajenti mmoja hatauzwa na soda. Na usinisome vibaya, walimu wameingia huko, Moi mwenyewe alitoka darasani akaingia Legco, bunge la wakati wa mkoloni, 1955, Omboko Milemba alikuwa mwenyekiti wa KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, akachukua ubunge wa Emuhaya 2017. Mimi nataka mwalimu bungeni kuliko hao wa kontena na tenda. Nataka tu aingie akijua.

Mama Mwalimu, mwenzetu hapa shuleni amesema Januari anaacha kazi agombee. Mimi na wengine watatu ndio wadhamini wake kwa sacco, amekopa laki nane na ndio ameanza kulipa. Nikimuuliza anacheka anasema akishinda atalipa yote kwa siku moja. Na asiposhinda?
— Mdhamini, Kasarani

Asiposhinda ni nyinyi. Mkopo wa mwalimu unalipwa kwa kukatwa mshahara, mshahara ukikatika makato yanakatika, sacco inachukua kwanza akiba yake mwenyewe iliyo huko, na kinachobaki wanagawia wadhamini, utaona namba mpya kwa slipu yako mwezi ambao hukutarajia. Si uchawi, uliweka sahihi.

Sasa usigombane naye stafurumu, mtaharibu urafiki na pesa haitarudi. Nendeni wote wanne pamoja, mumwambie mwalimu tunakuunga mkono kwa roho lakini kabla ya barua ya TSC twende sacco na wewe, tuone akiba yako inafunika ngapi, kama kuna mtu wa nje ya shule anaweza kuchukua nafasi yetu, ama uweke shamba ama logbuku ya gari. Mkitoka huko muandike sacco barua nyinyi wenyewe kwamba mmejua anaondoka. Akikataa hata kukaa chini na wadhamini wake wanne nitashangaa atakaa vipi na wapiga kura laki moja. Yule mwenzangu wa darasa la sita, wadhamini wake tulikuwa watatu. Nilimaliza kulipa sehemu yangu 2020 na bado tunapigiana simu Krismasi, anafundisha akademia moja huko Kayole.

Mama, mgombea mmoja ni binamu yangu na amenipea tisheti ya kampeni. Mimi ni mwalimu wa PP2, chekechea. Naweza kuivaa siku ya michezo shuleni, na niweke picha yake kwa status?
— Binamu, Dagoretti

Shuleni hapana, status hapana, na watoto wa PP2 msiwafundishe jina lake kwa wimbo, najua mmeanza kufikiria. Kura mpe ukiwa peke yako pale ndani. Tisheti ni ya kulala.