Mbona Albamu Hii Haichuji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu ana santuri ya Dare ya kundi la The Human League, na kila akiipiga husema haijachuja tangu 1981. Nakiri inanivutia, ingawa muziki mwingi wa sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti) wa miaka hiyo hunichosha upesi. Tofauti iko wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mjomba wako hajakosea, na kwa maoni yangu siri iko kwenye sauti za watu kuliko kwenye mitambo. Mwaka 1980 kundi hilo la Sheffield, Uingereza, lilivunjika. Martyn Ware na Ian Craig Marsh walijitoa wakaunda Heaven 17, naye Philip Oakey akabaki na jina la kundi na maonyesho ya Ulaya yaliyokwisha kuahidiwa. Ndipo alipowachukua Joanne Catherall na Susan Ann Sulley, wanafunzi wa sekondari aliowaona wakicheza dansi klabuni, ambao uimbaji haukuwa kazi yao kabisa.

Mtayarishaji Martin Rushent alitumia LM-1, mashine iliyohifadhi sauti za ngoma halisi, akapanga kila pigo mahali pake bila kusogea hata unywele. Hata Jo Callis, mpiga gitaa, aliliweka gitaa lake kando akashika kinanda.

Sasa sikiliza wimbo wa mwisho, Don't You Want Me. Oakey anaanza kwa sauti nzito ya mwanamume anayedai kwamba yeye ndiye aliyemtoa binti kwenye kazi ya kuhudumia baa. Katika ubeti wa pili Sulley anamjibu bila madoido, kama mtu anayejieleza kituoni huku akisubiri basi. Mwalimu wa kwaya angemrudisha mazoezini, lakini ni sauti hiyo isiyonyooshwa, ikipita juu ya mdundo ulionyooka kama rula, inayotufanya tumwamini. Oakey mwenyewe hakuupenda wimbo huo, ndiyo maana ukawekwa mwishoni. Hata hivyo ulishika namba moja Uingereza Krismasi ya 1981, na Marekani mwaka uliofuata.

Si kila kitu humo kimedumu, kwani I Am the Law, kwa masikio yangu, imezeeka. Lakini mwombe mjomba aigeuze santuri, usikilize Seconds, unaohusu kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani, halafu muache sindano iende hadi mwisho wa upande huo.