Ulizeni bei ya risasi kabla ya bei ya bunduki

Kila malipo ya korosho yanapotoka, simu yangu huanza kuita. Kijana wa Newala, wa Masasi, wa Nachingwea; leseni yake imetoka, fedha anazo, na swali ni lile lile, la kaliba, yaani unene wa risasi kwa inchi: "Kaka, nichukue .375 au .458?" Nikimuuliza anataka kuifanyia nini, anasema kulenga shabaha siku za mapumziko, na Julai msimu ukifunguliwa apate kanga na swala pala kwa kibali. Sasa .458 Winchester Magnum ilitengenezwa mwaka 1956 kwa ajili ya tembo na nyati. Kanga akipigwa nayo hakuna kinachobaki cha kupeleka jikoni, na mpigaji mgeni, baada ya risasi chache tu, bega lake halitaki tena kusikia habari ya shabaha.

Nawagombeza kwa sababu nawapenda na kwa sababu nimechoka kuona bunduki nzuri zikilala kwenye makabati ya chuma kwa kukosa risasi. Nawaandikia mliokwisha kupita mtaani, polisi na kamati ya usalama ya wilaya, na ambao Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 mmeisoma wenyewe badala ya kusimuliwa. Ambaye hajafika hapo amalize kwanza hatua hizo, ndipo tuzungumze bei.

1. Anzeni na risasi, kisha mrudi kwenye bunduki.

Bunduki unainunua mara moja. Risasi utanunua maisha yako yote, na huku kwetu nyingi hutoka Dar es Salaam, kwa hiyo juu ya bei ya duka kuna safari na kuna kusubiri. Boksi la .22 lina risasi 50. Boksi la .308 au .30-06 kwa kawaida lina 20, na hizo 20 hukugharimu zaidi ya zile 50. Ukipanda kwenye .375 H&H Magnum, kila ukivuta triga unajua kabisa umetumia nini. Mtu anayenunua kaliba kubwa halafu akabaki na boksi moja la kumtosha mwaka mzima amenunua injini ya boti ya nguvu za farasi 60 wakati mafuta ya kufika Msimbati hana. Tena leseni yako ina kaliba yake na risasi unazoruhusiwa zina idadi. Huwezi kuamka siku moja ukabadilisha mawazo.

Kwa hiyo piga hesabu hivi: nitapiga risasi ngapi kila mwezi bila kuigusa ada ya watoto? Jibu hilo ndilo litakuchagulia kaliba.

2. .22 Long Rifle kwanza, hata kama wenzako watacheka.

Ipo tangu 1887, na mpaka leo mashindano ya Olimpiki ya mita 50 hupigwa kwa hiyo hiyo, ambako duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Haina teke, mlio wake ni mdogo, na inakuonyesha kila kosa la kidole na la pumzi bila kukuumiza. Bunduki ya CZ 452 au 457, hata iliyotumika, mradi mtutu uwe safi, itakuzika ikiwa bado inapiga.

Risasi za .22 zina tabia yake. Bunduki mbili za aina moja, kutoka duka moja, moja inapenda risasi hizi na nyingine inazikataa. Nunua boksi moja moja la aina tatu za bei unayoimudu, lala nyuma ya mfuko wa mchanga mita 50, piga tano tano, uone aina ipi inakusanya matundu pamoja. Mara nyingi zile za mwendo mdogo kuliko sauti hukusanya vizuri kuliko za kasi, na wala si za bei kubwa zaidi. Ukishaipata inayokufaa, nunua za kutosha za loti hiyo hiyo, yaani zilizotengenezwa pamoja; namba ya loti imeandikwa kwenye boksi.

Ukipiga ziro mita 50, yaani ukiirekebisha mpaka tundu litue pale unapolenga, mita 100 tegemea kushuka sentimita 15 hadi 20 hivi, kutegemea kasi ya risasi. Na msiidharau kwa udogo wake: kichwa cha .22, kile kinachoruka na kuacha ganda, kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Nyuma ya shabaha liwepo tuta la udongo. Mkorosho si tuta.

3. Kaliba ya pili iwe ile ambayo kila duka linayo.

.308 au .30-06. Hapo ndipo kwenye aina nyingi za risasi, na ndipo bei inaposhindaniwa. Ya kwanza ni ya mwaka 1952, ya pili ya 1906, na hakuna swala wala kongoni wa Liwale atakayejua tofauti. Bunduki ya Brno ZKK 600 ya zamani au Zastava M70 inatosha kabisa. Zote zimejengwa juu ya mfumo wa Mauser wa 1898, boliti (komeo la nyuma ya mtutu) yenye ukucha mkubwa unaolishika ganda na kulitoa hata likiwa limechafuka.

Ukikagua iliyotumika, toa boliti kwanza, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, kisha chungulia mtutu ukiuelekeza mbinguni. Mistari ya ndani iwe mikali, pasiwe na vishimo vyeusi vya kutu. Tazama mdomo wa mtutu, maana wengi husafisha kwa fimbo ya chuma kutokea mbele na kuula. Tazama mbao pale nyuma ya triga kama zimepasuka. Rangi iliyochubuka haipunguzi shabaha, inapunguza bei tu, na hiyo ni faida yako.

Wazee hupenda kaliba ya 9.3x62, nami sina ugomvi nao. Iliundwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, mwaka ule ule Majimaji ilipoanza kule Kilwa. Aliilenga kwa walowezi wa Kijerumani wa Afrika, mtu mwenye shamba asiyeweza kununua bunduki za Kiingereza za bei kubwa: risasi nene inayoingia kwenye Mauser ya kawaida, isiyohitaji mfumo mrefu wa gharama. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Shida leo ni upatikanaji wa risasi, hivyo ulizeni dukani kabla ya kumsikiliza babu. Hali ni hiyo hiyo kwa .303 za kurithi: bunduki ni ya bure, risasi unaitafuta kwa tochi.

4. Usibadilishe risasi bila kupiga ziro upya.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Bunduki yangu ya kwanza ya kuwindia ilikuwa .300 Winchester Magnum. Niliinunua kwa sababu wakubwa niliowaheshimu waliisifu, na kwa sababu niliona .308 ni ya watu wa kawaida. Fedha yote iliishia kwenye bunduki na darubini. Risasi nikapata boksi moja la vichwa vya grain 180 (grain ni kipimo cha uzito wa kichwa), nikapigia ziro, zikabaki chache, nazo nikazihifadhi. Mazoezi yangu yote yakawa ya kushika bunduki tupu sebuleni. Teke lake nililikumbuka vizuri, na bila kujua nikaanza kufumba jicho kabla ya mlio.

Msimu ulipofika zile 180 sikuzipata tena. Duka lilikuwa na grain 150. Nikajiambia kaliba ni ile ile, boksi limeandikwa vilevile, tofauti itakuwa ndogo. Sikwenda renji kwa sababu kila risasi ya kujaribia ilikuwa risasi niliyoiona inapungua mfukoni. Grain 180 hutoka kwenye mtutu huo kwa kama mita 900 kwa sekunde, grain 150 kwa kama mita 1,000. Mtutu hutikisika tofauti, kichwa hutokea sehemu tofauti ya mtikisiko huo, na tundu huhama, si juu na chini tu, hata pembeni.

Tulikuwa Liwale, na askari wanyamapori mmoja wa makamo aliyeijua misitu ile ya miombo kuliko mimi ninavyoijua Mikindani. Kongoni dume alisimama ubavu, kichwa kikielekea kulia, kama mita 200. Nikaweka msalaba nyuma ya bega, nikavuta. Mlio wa risasi kugonga ulirudi mzito na laini. Askari hakusema kitu, aliniangalia tu. Aliujua mlio ule. Ni tumbo.

Tulifuata damu mpaka ikawa matone, na matone yakawa na majimaji ya kijani. Jua lilipozama akasimama, akaniambia: "Bwana mdogo, mnyama huyu hatafia karibu." Nilitaka tuendelee kwa tochi, akakataa, na alikuwa sahihi. Usiku ule sikula. Asubuhi tuliongozwa na tai. Fisi walikuwa wametangulia, na kilichobaki hakikumfaa mtu yeyote. Kibali changu kilihesabika kimetumika, kama inavyostahili. Askari akaandika kwenye daftari lake, akanipa nisaini, akasema: "Ukirudi mjini, piga hizo risasi kwenye karatasi."

Nilipiga. Mita 100, vichwa vya grain 150 vilikaa kushoto ya pale nilipolenga kwa karibu upana wa kiganja. Upana huo wa mita 100 huwa mara mbili yake mita 200. Kushoto, kwa mnyama anayeelekea kulia, ni tumboni. Risasi tatu tu za kujaribia zingenionyesha hayo yote kabla sijaondoka nyumbani. Ongeza na jicho lililofumba. Kongoni yule aliteseka usiku mzima kwa sababu nilinunua bunduki nisiyoweza kuilisha, na hilo bado linaniuma ninapoandika.

Niliiuza, kwa taratibu zote, nikachukua .308 iliyotumika. Tofauti ya bei yote ikawa risasi.

Msimu uliopita nimemwona kijana, mpole na mwenye adabu zote, akichanganya kwenye magazini moja aina tatu za risasi alizookoteza kwa jamaa zake. Nikamzuia asiende porini. Alinuna. Wacha anune.

5. Darubini ya wastani, vishikizo vizuri.

Darubini nyingi zikionekana mbovu, kilicholegea ni skrubu za vishikizo. Kaza, weka alama ya rangi. Na jueni mbofyo wa robo ya dakika (kipimo cha pembe, si cha muda) husogeza tundu milimita 7 hivi kwa mita 100, msizungushe tu kama redio.

6. Wenye shotigani.

Kwa kanga, marisau, risasi za chembechembe, ni bora na ni nafuu, boksi la 25. Soma urefu wa chemba ulioandikwa kwenye mtutu: ganda la milimita 76 lisiingie kwenye chemba ya 70 hata kama linakubali kufunga. Ganda hufunguka kwa mbele linapopigwa, likikosa nafasi shinikizo linapanda. Na kamwe risasi ya geji 20 isikae mfuko mmoja na za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ndogo ndiyo pana zaidi). Ile ya 20 huteleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele ya chemba. Ukitazama unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unapiga, mtutu unapasukia mkono wa kushoto. Ndiyo maana za 20 hutengenezwa za njano. Ukiona njano, irudishe ilikotoka.

7. Kutu na risasi kuukuu.

Sisi wa Mtwara na Lindi tunaishi na chumvi hewani, kusi ikivuma au kaskazi. Kitambaa chenye mafuta kila baada ya kuishika, hata kama hukupiga. Usiiache ndani ya mfuko wake wa kubebea, maana sufi yake hunyonya unyevu na kuushika. Risasi zikae kwenye chombo kinachofunga sawasawa, mbali na bati la paa, kwenye boksi lake la awali ili loti isipotee.

Risasi za zamani zenye asili ya kijeshi, hasa hizo za .303, nyingi zina fataki (kiwashio cha kitako cha ganda) inayoacha chumvi ndani ya mtutu, nayo huvuta maji kutoka hewani. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo. Maji ya moto kwanza, kausha vizuri, ndipo mafuta, na yafanyike siku ile ile. Nimeona mtutu uliokuwa unang'aa Ijumaa ukiwa mwekundu Jumatatu, Shangani hapa hapa.

Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, simama, toa boliti, chungulia mtutu: kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo, na risasi inayofuata itaupasua. Ukivuta triga isilie, usifungue. Elekeza mtutu kwenye tuta, hesabu sekunde 30 bila haraka, ndipo ufungue, uso ukiwa pembeni. Yule aliyefungua papo hapo na kuisogeza karibu na jicho lake nilimtoa kwenye mstari siku nzima, na mwenzenu yeyote mkimwona anafanya hivyo mtoeni nanyi, awe mkubwa kwenu au mdogo.