Uzito wa mbele kwa trekta inayonyanyuka pua

Ndugu, kama Massey Ferguson yako inanyanyuka pua ukiinua jembe, chuma chakavu kinafaa kabisa kuwa uzito wa kufunga mbele, tena kinashinda zege: lita moja ya chuma ni karibu kilo 7.85, ya zege ni 2.4 tu. Bamba la sentimita 30 kwa 30, unene 10, linafika kilo 70. Kata vipande vidogo kuliko hapo, uvibane pamoja kwa boliti mbili ndefu, ili siku ukivuta trela uweze kuvipunguza.

Ninachokuomba uwe makini nacho ni mahali pa kufungia. Usifunge kwenye bati la rejeta. Tumia matundu ya boliti ya kile chuma kizito cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kinachobeba ekseli ya mbele, na usikichomelee hata kidogo, maana chuma cha kusubu hupasuka kikichomelewa ovyo, na ufa wenyewe unaweza usiuone mpaka uko katikati ya shamba.

Jembe likiwa juu, magurudumu ya mbele yabebe angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta. Usizidishe kikomo cha ekseli kilichoandikwa kwenye kitabu chake.