Imeji tatu, Dockerfile moja

SWALI: Dockerfile yetu ya Node (faili la maelekezo ya kujenga imeji, yaani vifurushi vya programu vya Docker) inatoa imeji tatu: api, worker na majaribio. Tunaita docker build mara tatu, kila mara na --target yake (hatua ya Dockerfile ambayo ujenzi uishie). Tukigusa mstari mmoja wa msimbo, npm ci (amri ya kusakinisha maktaba za mradi) inaanza upya. Tufanyeje?

JIBU: Anzeni na mpangilio. Dalili hiyo ni ya COPY . . (inayonakili faili zote za mradi) iliyowekwa juu ya npm ci: faili lolote likibadilika, kache ya tabaka zote zinazofuata (matokeo ya kila amri ya Dockerfile) inavunjika. Katika hatua ya msingi, ile ambayo imeji zote tatu huanzia, nakilini package.json na package-lock.json tu, kisha:

RUN --mount=type=cache,target=/root/.npm npm ci

Msimbo ufuate baadaye. node_modules na .git ziingie kwenye .dockerignore.

Sasa acheni zile amri tatu. Orodhesheni shabaha (zile target tatu) ndani ya faili la docker-bake.hcl, mziunganishe kwa group "default", kisha mwite docker buildx bake. BuildKit, injini ya ujenzi ya Docker, hujenga hatua ya pamoja mara moja, na zisizotegemeana huenda sambamba.

Kwenye CI (mfumo unaojenga na kupima msimbo kiotomatiki) inayoanza na mashine tupu, kache ya --mount haifai kitu, kwa kuwa hubaki kwenye mashine iliyoiunda. Huko wekeni cache-to yenye type=registry (kache ihifadhiwe kwenye registry, ghala la imeji) na mode=max, pamoja na cache-from ya kuisoma. Chaguo-msingi, mode=min, huhifadhi tabaka za imeji ya mwisho tu; hatua za kati, ambazo ndizo nzito, hupotea. Tena kila shabaha iwe na ref yake (anwani ya kache kwenye registry), la sivyo itakayomaliza mwisho itafuta kache ya wenzake.