Shoti ya Kuacha: Kwa Anayetaka Kuwa Mwongozaji wa Filamu na Matangazo

Kazi nilizozifanya vizuri kuliko zote katika miaka yangu minne ya mwanzo hazijaonwa na mwanamume yeyote, wala hazitaonwa. Zilikuwa video za harusi za hapa Lamu, za usiku wa kupamba, ambapo mlango hufungwa, wanawake wakavua mabuibui na bibi harusi akakalishwa jukwaani. Mpiga picha sharti awe mwanamke, na mhariri vilevile, kwa kuwa familia nyingi haziridhii picha hizo zipite mikononi mwa mwanamume hata kwenye kompyuta. Wasichana wenye kamera tulikuwa wachache, basi nikapata kazi ambayo kaka zangu, waliojua kamera kunishinda, wasingeweza kuipata. Naanza na jambo hili kwa sababu vijana wanaoniuliza habari za uongozaji huanza kwa kuuliza wanunue kamera gani, ilhali mimi nilifunzwa na kiti cha uhariri.

Usiku mmoja wa kupamba ulinipa saa tatu za picha, na mama wa bibi harusi alitaka video ya nusu saa. Ukikaa na picha ulizopiga mwenyewe, makosa yako yote yanakukodolea macho: umemfuata bibi harusi tangu mlangoni hadi jukwaani, lakini hukuupiga uso wa nyanya yake aliyekuwa akimngoja, kwa hiyo huna pa kukatia, umerekodi vigelegele kwa dakika kumi na mbili, na sekunde nane zingetosha. Baada ya harusi kama thelathini nilijikuta nahariri nikiwa bado nimesimama ukumbini, nikijua ipi itabaki na ipi itatupwa. Kujua huko, kwa maoni yangu, ndiko uongozaji wenyewe, kwa sababu taa, lenzi na sauti wapo wenzako wanaozijua kukuzidi.

Nililithibitisha hilo siku niliyoharibu kazi ya watu. Kikosi kutoka Nairobi kilikuja kupiga tangazo la sekunde 30, nami nikaajiriwa kama msaidizi wa tatu wa mwongozaji, hasa kwa kuwa ni mwenyeji. Walitaka mashua ipite kwenye mkondo wa mikoko unaoelekea magofu ya Takwa, kisiwani Manda, mahali ambapo chombo hakifiki ila maji yakiwa yamejaa. Niliangalia maji, nikakuta yanajaa saa nne asubuhi, nikaiandika saa hiyo kwenye ratiba. Kisha upigaji picha ukasogezwa mbele siku tano, na mimi sikuigusa ratiba. Mtoto wa Lamu, nisijue kuwa maji huchelewa kwa takriban dakika hamsini kila siku! Isitoshe, nilikuwa nimepima wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana, na sasa bamvua lilikuwa linaingia, maji yakipwa yanapwa kwelikweli. Tulifika saa nne, mashua ikakaa kwenye tope pamoja na mteja na mwavuli wake. Nahodha alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, maji ya leo ni ya saa nane."

Mwongozaji hakunigombeza. Aliketi juu ya sanduku la lenzi, akaitoa orodha ya shoti kumi na mbili, yaani vipande vya picha vya kupigwa siku hiyo, akafuta tatu kwa kalamu ya risasi bila kumuuliza mtu, kisha akawaeleza watu wa wakala wa matangazo kwa nini tangazo halitazikosa. Sekunde 30 kwa fremu, yaani picha moja moja, 25 kila sekunde ni fremu 750, na yeye alikuwa ameshazigawa kichwani kabla ya kupanda ndege. Nilikuja kujua baadaye kwamba naye alianzia kwenye uhariri.

Kwa hiyo usiyadharau matangazo ukadhani ni filamu iliyokosa bahati. Ridley Scott, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1937, alianzisha kampuni yake ya matangazo mwaka 1968, na filamu yake ndefu ya kwanza ikatoka mwaka 1977, akikaribia kutimiza miaka 40. Filamu ndefu inaweza kukupa nafasi moja katika miaka kadhaa, lakini matangazo yanaweza kukuweka mbele ya waigizaji, mteja na saa mara nyingi kwa mwaka mmoja.

Njia ya kuyapata, hata hivyo, haina huruma. Wakala hutuma brifu, yaani maelezo mafupi ya tangazo linalotakiwa, kwa kampuni za utayarishaji, mara nyingi tatu, na mwongozaji wa kila kampuni huandika tritimenti, yaani andiko la kurasa chache lenye picha, linaloeleza atakavyolisimulia tangazo hilo. Mmoja hupata kazi. Wengine kwa kawaida hawalipwi chochote kwa usiku waliokesha. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza safi, na ueleze shoti ya kwanza kwa undani kiasi cha mtu kuiona. Na usianze kazi kabla ya kupokea nusu ya malipo; nina ankara moja ambayo ilihudhuria Maulidi mawili kabla ya kulipwa.

Tatizo langu lilikuwa mkusanyo wa kazi za kuonyesha, maana kazi zangu zote zilikuwa za siri. Nilitengeneza tangazo la bure la jirani yetu wa Langoni anayeoka mkate wa mofa: mkono unaobandika donge ndani ya tanuri, moshi, mtoto anayengoja na sarafu. Hilo moja ndilo lililonifungulia kazi ya kwanza ya kulipwa kama mwongozaji. Dakika mbili za kazi nzuri zinatosha, na mbaya usiitie hata kama iligharimu.

Vibali ni jambo fupi lakini lisilo na mjadala. Leseni ya kupiga filamu ni sharti la kisheria, droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na magofu yako chini ya Makavazi ya Kitaifa. Ukiwa na karatasi zote hizo, bado nenda ukaongee na wazee wa mtaa, kwa sababu nyumba za hapa zina kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na droni yako huwaona wanawake waliokaa humo.

Wasichana wanaokuja kwangu kujifunza huwapa picha za harusi moja ya zamani, kwa ridhaa ya wenyewe, wazifanye dakika kumi. Mwezi uliopita mmoja alirudi akaniuliza, "Dada, mbona hakuna uso wa mama wakati bintiye anaingia?" Nilimwambia kweli: nilikuwa nimeigeuza kamera kwenye keki.