Kukataza kwa Kihispania: kwa nini ni "no hables"

Umeuliza kwa nini "no habla" haimaanishi "usiseme". Ni kwa sababu "no habla" ni taarifa tu: hasemi. Ukitaka kumkataza mtu, lazima ubadilishe irabu ya mwisho ya kitenzi, na sisi wa Kiswahili tuna bahati hapa, maana nasi hufanya vivyo hivyo: sema, lakini usiseme.

Chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo (hablo "nasema", como "nakula", escribo "naandika"), ondoa o, kisha geuza. Vitenzi vinavyoishia na -ar, kama hablar, huchukua e: no hables. Vya -er na -ir huchukua a: no comas, no escribas. Hayo ni ya tú, yaani "wewe" kwa rafiki au mtoto. Kwa usted, mtu wa kuheshimiwa, ondoa s: no hable, no coma. Wakiwa wengi, weka n: no hablen.

Tahajia ndiyo huwatesa wengi. Tocar (kugusa) huwa no toques, llegar (kufika) huwa no llegues, cruzar (kuvuka) huwa no cruces. Herufi zinabadilika ili sauti ibaki ileile. Kitenzi chenyewe bado ni cha kawaida kabisa.

Kiwakilishi nacho huhama. Kuamrisha ni cómelo (kile), kukataza ni no lo comas (usikile): "lo" hutangulia kitenzi na kuandikwa peke yake. Uhispania utasikia pia no habléis, no comáis kwa kundi la marafiki. Amerika ya Kilatini hutumia ustedes (ninyi), yenye umbo lile la n, kwa hiyo hizo unaweza kuziacha kwanza.