Saini ya Baba

Mbukwenyi wasomaji wangu. Leo nina barua mbili. Ya kwanza nimeipunguza kidogo tu, na mwenyewe amenipa ruhusa.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mhasibu katika ofisi moja ya umma kule Mji wa Serikali, Mtumba, hapa Dodoma, na naishi Nkuhungu, kwa hiyo kila siku nakatiza mji mzima kwenda na kurudi. Nina watoto wawili. Wa kiume yuko darasa la nne, wa kike ana miaka mitano. Mama watoto ni muuguzi, anaingia kwa zamu.*

*Naamka saa kumi na moja alfajiri ili saa moja na nusu niwe kazini. Tunatoka saa tisa na nusu, lakini nabaki ofisini kusoma mpaka saa moja usiku, kwa sababu nyumbani kuna kelele. Nimebakiza masomo mawili ya CPA, ile mitihani ya taaluma ya uhasibu. Nilianguka mtihani wa Mei, nataka kurudia Novemba. Nafika nyumbani saa mbili na nusu, watoto wameshalala. Jumamosi niko Ihumwa kwenye ujenzi wa nyumba yetu, maana fundi usipomsimamia saruji inapungua. Jumapili ni ibada, halafu vikao vya harusi. Niko kamati mbili, na kote wamenipa uweka hazina kwa kuwa ni mhasibu. Mwanangu nimemwahidi mara tatu kumpeleka Uwanja wa Jamhuri kuangalia timu ya mpira ya Dodoma Jiji, na mara zote tatu nimeshindwa.*

*Ijumaa iliyopita mama watoto alikuwa zamu ya usiku, nikawahi kurudi, nikakagua madaftari. Mwalimu wao anataka kila zoezi la nyumbani lisainiwe na mzazi. Mzee, kila zoezi tangu Julai lina saini yangu. Mimi sijasaini hata moja. Nikafungua nyuma ya daftari la Hisabati nikakuta ukurasa mzima wa saini yangu, mistari ya juu kwa penseli, ya chini kwa kalamu, na ya mwisho kabisa hata mimi nisingeikana. Alama zake ni nzuri, nyingi ni nane na tisa kwa kumi. Sikumchapa wala sikumwamsha. Nilitoka nje nikakaa.*

*Naomba unishauri nimwadhibu vipi. Na je, niache kusoma mpaka watoto wakue?*

*Baba Wawili, Nkuhungu*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale pale, kwenye huo ukurasa wa nyuma wa daftari.

Umeandika mwenyewe kuwa alama zake ni nane na tisa. Mtoto anayeghushi saini kwa kawaida anaficha mbili ya kumi, anaogopa kiboko. Wako hana cha kuficha. Sasa jiulize alikuwa anaficha nini. Mwalimu anasema mzazi asaini, mama yuko zamu, baba anarudi wamelala, asubuhi daftari linafunguliwa mbele ya darasa na pale chini pako wazi. Mara ya kwanza labda aliulizwa, "Kwenu hakuna mzazi?" Mtoto wa miaka tisa au kumi akaamua kwamba hilo swali halitaulizwa tena. Akachukua penseli akajifunza. Mwanangu, alikuwa anakufichia wewe. Alitaka mwalimu aone kwamba baba yake anakagua madaftari.

Kwa hiyo usimchape. Na usilipitie juu juu pia, kwa sababu kughushi ni kughushi, na wewe unayesaini hati za malipo unajua saini ina uzito gani. Keti naye, mkiwa wawili tu, daftari likiwa wazi mezani. Mwambie umeona. Mweleze kazi yako, kwamba kuna karatasi ofisini ambayo ukiiwekea saini fedha za watu zinatoka, na mtu akiiga saini hiyo anaweza kufungwa. Atakuelewa, darasa la nne wanaelewa zaidi ya tunavyodhani. Kisha mwambie neno la pili, na hili usilimeze: kwamba pale palipaswa kuwa na saini yako na haikuwepo, na kosa hilo ni lako. Sema "nisamehe" kwa sauti. Baba zetu wengi hawakulisema kwetu, nasi tukadhani likitoka heshima inapungua. Mimi nina miaka zaidi ya sabini na sijaona heshima iliyopungua kwa njia hiyo.

Halafu chukua kalamu, anza na lile zoezi la kwanza la Julai. Lisome. Muulize hili swali alilitatuaje, kwa nini hapa alikosa. Saini kando ya saini yake. Nenda la pili. Itachukua jioni mbili au tatu, na zisipungue. Wiki inayofuata omba ruhusa ya muda wa saa moja hivi asubuhi, nenda shuleni, mweleze mwalimu mwenyewe, mtoto asibebeshwe maelezo hayo peke yake.

Sasa kuhusu kuacha masomo. Sikushauri uache. Watoto hawakui siku moja ukaambiwa sasa soma. Akitoka darasa la nne kuna kumaliza shule ya msingi, akitoka huko kuna gharama za sekondari, na masomo mawili yaliyobaki yatakuwa yamebaki miaka kumi. Fanya mtihani wa Novemba. Shida yako kubwa haiko kwenye CPA wala kwenye ajira, na nitakuonyesha kwa hesabu uliyoniandikia mwenyewe.

Kamati mbili za harusi. Kikao cha saa kumi jioni kinaanza saa kumi na moja na nusu, tunakijua. Muda wa kusubiri wajumbe, sala ya kufungua, taarifa ya mweka hazina, mjadala wa ukumbi, mjadala wa rangi ya sare, mpaka mtu anafika nyumbani ni saa mbili usiku. Hizo ni saa nne, na kwa kamati mbili ni saa nane kwa wiki. Siku nzima ya kazi ya serikali, saa moja na nusu mpaka tisa na nusu, unawapa watu wanaochagua rangi ya vitambaa. Sidharau harusi. Mchango toa, tena mapema, utume kwa simu. Lakini uweka hazina kabidhi wiki hii, na daftari la mahesabu liwe safi ili wasikurudishe. Watanung'unika. Waache.

Kwenye ujenzi sina ugomvi na wewe, nyumba ni ya watoto. Ila nenda na kijana. Wa darasa la nne anaweza kuhesabu mifuko ya saruji inayofunguliwa na ndoo za mchanga zinazoingia kwenye kila mchanganyiko, akaandika kwenye daftari. Mpe kazi hiyo, na mwisho wa siku asaini kwa jina lake mwenyewe. Fundi ataheshimu karatasi ya mtoto kuliko jicho lako linalokwenda na kurudi.

Na hizo jioni za kubaki ofisini? Hapa nitakusimulia yangu, uone pande zote mbili.

Nilikuwa karani wa stesheni, Reli ya Kati, kituo cha Kintinku. Niliishia darasa la saba, nikaanza masomo ya sekondari kwa njia ya posta, yale ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Vijitabu vilikuja kwa treni, majibu yalirudi kwa treni. Tulikuwa na meza moja na taa moja ya chemli. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka sita, hakukubali kulala wakati taa inawaka. Kwa hiyo nilikuwa namfundisha yeye kile ninachosoma. Namweleza Vita vya Maji Maji, ananiuliza kwa nini walidhani risasi zitakuwa maji, na mimi nikishindwa kujibu najua hapo sijaelewa, narudi kwenye kijitabu. Kelele yake ndiyo iliyonifaulisha. Leo ni mama mtu mzima, na ukimuuliza utoto wake anakutajia ile meza, mpaka moshi wa ile chemli.

Mdogo wake ni habari nyingine. Baadaye nilipelekwa Chuo cha Reli, Tabora, kwa mwaka mmoja, na nilipomaliza nikapangiwa vituo vya mbali, nikawa narudi kwa msimu. Mtoto alilelewa na kaka yangu, akamwita baba. Nilipata cheo. Nilipata na nyumba ya shirika. Kijana wangu sasa ana watoto wake, ananiheshimu, ananitumia fedha kila mwezi bila kuombwa. Lakini likimpata jambo, simu ya kwanza anampigia baba yake mkubwa. Mimi naambiwa kesho yake. Sijapata dawa ya hilo, na sikuandikii ili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu wako bado ana miaka tisa au kumi, na bado anaiga saini yako wewe, si ya mtu mwingine.

Kwa hiyo toka saa tisa na nusu pamoja na wenzako. Hata kwa daladala mbili, kabla ya magharibi uko Nkuhungu. Kijana wako naye ana mtihani, ule upimaji wa kitaifa wa darasa la nne mwezi wa kumi, wako unafuata mwezi wa kumi na moja. Kaeni meza moja baada ya chakula, yeye na Hisabati yake, wewe na vitabu vyako, wa miaka mitano na penseli za rangi chini ya meza. Muda wa saa moja tu, si zaidi. Hapo soma mambo mepesi, maswali uliyokwisha kufanya, vitu vinavyovumilia kukatizwa. Yale magumu yaliyokuangusha Mei yawekee alfajiri. Lala saa tatu na nusu, amka saa tisa na nusu, una saa moja na nusu ya kimya ambayo ofisi yoyote haiwezi kukupa. Na ile likizo ya mwaka, siku 28, chukua nusu yake wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani, kaa nyumbani usome mchana watoto wakiwa shule. Usiende nayo Ihumwa.

Uwanja wa Jamhuri usiuahidi tena. Nunua tiketi kwanza, iweke mfukoni, ndipo umwonyeshe.

Kuna jambo moja hukuniuliza. Mama watoto umemtaja mara mbili, na mara zote ni kuhusu zamu zake. Muuguzi anayelala mchana nyumba ina watoto, akaamka kupika, akarudi wodini usiku, naye ana kitu alitaka kukisoma au kukifanya. Sijui ni nini, na nadhani hata wewe hujui. Muulize kabla ya Novemba, ili ukimaliza mtihani wako ijulikane zamu inayofuata ya meza ni ya nani.

Barua ya pili ni fupi.

*Mzee, mimi ni karani wa ghala la mahindi Kibaigwa, nimeajiriwa huu mwaka wa pili. Mke wangu amejifungua juzi, mtoto wa kwanza. Nimeomba ruhusa, bosi anasema likizo ya uzazi ni ya mama, baba hajazaa. Ni kweli?*

Hongera sana, na mama naye hongera, mpe salamu zangu.

Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa angalau siku 3 za likizo yenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kwa kuwa mtoto ni wa juzi, siku zako zinakwenda, kwa hiyo nakujibu kwa simu kabla gazeti halijatoka. Andika barua leo, nakala moja baki nayo. Mkumbushe bosi kwa adabu, huenda hajui, wengi hawajui. Akikataa bado, nenda kwa afisa kazi wa serikali akueleze hatua inayofuata.

Ukizipata, siku hizo tatu chota maji mapema, fua nepi mwenyewe, na uji wa mama uwe na pilipili manga. Na usiku mtoto akilia, mpokee wewe kwanza, umtembeze ndani mpaka atulie, ndipo umpe mama amnyonyeshe.